Ng'ombe Tuliowapeleka Mlimani

Mwanangu Paskalina,

Umevuka bonde kwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuacha uondoke mpaka umalize maziwa yote ya kibuyu. Basi nina muda. Jua bado liko juu, nimekaa kwenye benchi la nje, karatasi nimeilaza juu ya ubao wa kukatia mboga, na jogoo wako ananizunguka miguuni akidhani nimeshika mahindi.

Nimeamua kuandika kwa sababu tukikaa wawili hutaniacha nimalize. Uko hivyo tangu shule ya msingi. Mimi naanza sentensi, wewe unaimalizia, na mara nyingi unaimalizia mahali ambapo mimi sikuwa naelekea. Barua haina njia ya kukatizwa. Nitaiingiza kwenye begi lako katikati ya nguo, na kesho nitakuambia uitafute basi likishaondoka, ukiwa umeshakaa na huwezi tena kushuka kuja kubishana na mimi.

Mambo ya blanketi, sufuria, chumba cha kupanga na namna ya kuishi na mwenye nyumba, shangazi yako ameyamaliza tangu Jumapili, na mengine ameyarudia. Siyagusi. Mimi nina jambo moja tu.

Juzi nilikuwa zizini nakamua, nikakusikia unaongea na kaka yako Emanueli kwenye simu. Ulimwambia utakwenda Gehandu, utaripoti kazini, halafu utaomba ruhusa urudi nyumbani mpaka mvua za masika zipite, kwa kuwa baba amezeeka na lile korongo bado liko karibu na kaburi la mama. Nilikasirika, Paska. Nilikasirika hata ng'ombe akajua, akapiga teke ndoo. Baadaye hasira ilipopoa nikaona chini yake kuna kitu kingine, nacho ni furaha, kwamba nimezaa mtoto anayekumbuka kaburi la mama yake. Lakini kurudi hutarudi. Usianze kazi ya uafisa ugani kwa kuomba ruhusa, na zaidi ya hapo, hofu yako imesimama juu ya habari uliyoijua nusu. Nusu nyingine uliikosa kwa sababu ulikuwa bwenini. Acha nikupe yote.

Lile korongo lilianza kama njia ya ng'ombe. Njia ya ng'ombe wetu wenyewe, si ya mtu mwingine. Kila asubuhi mimi na kaka yako tulikuwa tunawashusha kwenda kunywa maji chini, moja kwa moja, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu hapindi kona na mchungaji mvivu hampindishi. Nyasi zikaisha pale, udongo mwekundu ukabaki wazi, mvua ikapita, ukawa mfereji wa kuruka kwa mguu mmoja. Mama yako aliniambia mapema. Alisema, "Baba Emanueli, ule mfereji unakua kuliko watoto." Mimi nikamwambia mvua ikikatika nitaujaza. Mvua ilikatika mara nyingi tu, na mimi kila mara nilikuwa na kazi nyingine.

Alipofariki tulimzika mwisho wa shamba, pale alipopenda kukaa akichambua maharage na kutazama bonde lote. Siku ile korongo lilikuwa mbali chini. Hakuna mtu hata mmoja kati ya waliochimba aliyelifikiria. Hatukujua kitu ambacho wewe sasa unakijua kwa kusomea, kwamba korongo hukua kwa kupanda. Maji yanadondokea pale kwenye kichwa chake, yanachimba chini, ukingo unaanguka, na kesho kichwa kimesogea juu kidogo. Mimi nilikuwa naangalia chini, kule lilikokuwa pana na la kutisha, kumbe lenyewe lilikuwa linakuja huku.

Nilipoona ukingo umeanza kulisogelea kaburi, nilifanya kama anavyofanya mtu mwenye uchungu. Nilibeba mawe. Nilibeba peke yangu, nikajenga ukuta mrefu katikati ya korongo, sawasawa kama ukuta wa nyumba, nikaukandika udongo. Majirani walipita wakanipa pole wakaendelea na safari zao, na mimi nilipenda wapite, maana nilitaka iwe kazi yangu na mke wangu. Mvua ya kwanza kubwa ilikuja, maji yakagonga ukuta, yakaona hayana pa kupita katikati, yakakata pembeni. Asubuhi ukuta ulikuwa umesimama vizuri kabisa, haujapoteza hata jiwe, na korongo limepita ubavuni mwake likiwa pana kuliko jana. Nilikaa pale nikacheka mwenyewe kama kichaa. Ukuta wangu ulikuwa mzima na shamba ndilo lililokuwa limeondoka.

Ndipo kijiji nacho kikaamka, kwa sababu si mimi peke yangu niliyekuwa na korongo. Kisima cha chini kilikuwa kinajaa mchanga na mashamba ya watu yalikuwa yanafunikwa na kokoto. Tukaitwa kwenye mkutano, tukaelezwa kwamba mteremko wa juu yetu umebaki kipara, na tukakubaliana kuufunga. Hakuna ng'ombe wala mbuzi kupanda pale mpaka nyasi zirudi. Mikono yote ilinyooka. Wa kwangu ulikuwa wa kwanza, na nilichaguliwa kwenye kamati kwa sababu nilikuwa na sababu ambayo kila mtu aliijua.

Sasa hapa nisikilize kama afisa ugani, usinisikilize kama binti. Unaijua desturi yetu ya kutunziana ng'ombe, umekulia ndani yake, lakini sidhani kama umewahi kuiangalia kwa jicho la kazi yako. Kwetu mtu mwenye akili haweki mifugo yote zizini kwake. Anabaki na wachache, wengine wako kwa rafiki, wengine kwa shemeji, na yeye zizini kwake anatunza wa watu wengine. Ugonjwa ukija haumalizi wote. Rafiki yako asiye na ng'ombe anapata maziwa ya watoto na samadi ya shamba, na wewe unapata rafiki. Na si adabu kabisa kuuliza. Ukipita kwenye zizi la mtu ukaona ng'ombe wamejaa, unasema "mmeamkaje," huulizi hawa ni wa nani. Mimi mwenyewe baba yangu alifariki na mpaka leo sina hakika kama tulikusanya ng'ombe wake wote.

Basi tulipofunga mteremko, kila mtu alitii. Nakwambia kweli, hakuna aliyevunja sheria. Niliwatoa wangu siku iliyofuata nikawapeleka kwa rafiki yangu Gwandu, yule wa ukingoni juu, nyuma ya mgongo wa mlima. Nikarudi nimeridhika. Nilimpeleka na Madoa, ng'ombe wako, yule uliyepewa siku ya kipaimara. Gwandu alimpokea kwa mikono miwili, nikanywa chai kwake, tukaongea habari za mahindi.

Mwaka ule nyasi zilianza kurudi kwenye mteremko wetu, na mvua zilipokuja mafuriko yakawa makubwa kuliko tulivyowahi kuona. Watu walichanganyikiwa. Kamati tulikuwa tunapita na vitambulisho shingoni, tunaangalia nyasi, nyasi zipo, na maji yanatoka juu ya nyasi yakiwa mekundu kama chai ya rangi. Kichwa cha korongo kilipanda mvua ile mpaka nikiwa nimesimama kwenye kaburi la mama yako nilikuwa nasikia udongo ukidondoka.

Mvua ilipotulia niliamua kuyafuata maji yale kinyumenyume. Nilipanda na fimbo yangu, nikapita mteremko wetu wote uliofungwa, nikauvuka mgongo wa mlima pale kwenye pengo ambapo maji ya upande wa pili hupenya kuja kwetu. Kule nyuma, Paska, palikuwa peupe. Palikuwa pamekanyagwa mpaka udongo unang'aa. Ng'ombe walikuwa wamejaa, wengi hata sikuwahi kuona kundi kama lile kwa mtu mmoja, na nikasema moyoni mwangu, kumbe Gwandu ni tajiri namna hii na anatuua kimya kimya. Nikaanza kutafuta maneno makali ya kumwambia. Nikiwa bado nayatafuta, ng'ombe mmoja akajitoa kwenye kundi, akaja moja kwa moja, akaanza kunilamba mkono akitafuta chumvi. Alikuwa Madoa.

Gwandu alikuja akanikuta hapo. Mkubwa kwangu, nikamwamkia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kumwangalia? Anakula vizuri, wala hana shida."

"Hawa wote ni wa kwako?"

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Nilijua nimeuliza lisiloulizwa. Akapiga mluzi kumrudisha ndama mmoja, akasema taratibu, "Wewe mwenyewe unajua. Mimi natunza tu." Tukaagana.

Wewe wakati huo ulikuwa nyumbani likizo. Nilipofika nyumbani nilikusimulia, na nilikusimulia kama kichekesho, jinsi Madoa alivyonilamba wakati nimevaa sura ya kamati. Wewe hukucheka. Ulikuwa unapepeta unga, ukauliza bila kuinua uso, "Kumbe ng'ombe wangu ndiye anayemchimbua mama?" Halafu ukaendelea kupepeta. Sijui kama unakumbuka. Uliondoka kurudi shule baada ya siku chache, na ndiyo maana nasema unaijua nusu.

Neno lile liliniondolea usingizi. Niliona kitu ambacho nilikuwa naweza kukiona mapema kama ningetaka. Hatukupunguza ng'ombe hata mmoja. Tuliwahamisha tu kutoka mahali tunapopaona kwenda mahali tusipopaona, kwa heshima zote na kwa chai, na kila mtu alidhani ni yeye peke yake mwenye rafiki kule juu. Na kwa kuwa kuuliza si adabu, tungeweza kufunga milima yote ya Mbulu na hali ingebaki ile ile.

Mkutano uliofuata ulikuwa darasani, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti aliuliza nani amevunja makubaliano. Mmoja akasema tatizo ni watu wa juu, Gwandu amejaza mifugo, apigwe faini. Watu wakaitikia. Gwandu alikuwa amekaa nyuma kabisa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, na hakujitetea kwa neno moja. Angeweza kututaja wote kwa majina. Lakini mtu anayetunza ng'ombe wa rafiki hasemi ni wa nani, na alikuwa tayari kulipa faini kuliko kusema.

Nikasimama. Nilisema, "Mimi nina ng'ombe kwa Gwandu. Yuko Madoa, wa binti yangu. Yuko Mwekundu na ndama wake. Na yule dume mwenye pembe iliyovunjika anaitwa Sigara, huyo naye ni wa kwangu."

Mzee mmoja aliyekaa mbele akageuka akaniambia kwa upole, "Wewe mtoto, hayo si maneno ya kusema mbele za watu." Na alikuwa sahihi, hayakuwa. Nilikuwa nimejivua nguo. Nilibaki nimesimama kwa sababu sikujua jinsi ya kukaa.

Kisha Bibi Elizabeti, yule mjane wa karibu na kanisa, akajikohoza. Akasema, "Basi na mimi niseme. Yule mweupe mwenye kengele ni wa kwangu." Mtoto wake mkubwa, mtu mwenye ndevu, akageuka kwenye dawati, "Mama, una ng'ombe?" Bibi akamjibu, "Ninaye. Ulikuwa unataka umuuze?" Darasa zima likacheka, na kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Mmoja akasimama, na mwingine. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na watano. Tulipomaliza kutaja, kundi lile lote lilikuwa limepata wenyewe, na wenyewe wote walikuwa wameketi humo ndani, wale wale tulionyoosha mikono. Gwandu, tajiri wetu wa faini, alikuwa na ndama mmoja.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe ukija likizo. Wengine waliuza. Wengine tuliwafungia wetu bandani tukaanza kukata nyasi na kuwapelekea. Na karibu tukosee tena, kwa sababu kila mtu alitaka kumrudisha ng'ombe wake nyumbani siku hiyo hiyo, mpaka mke wa Gwandu alipouliza watoto wake watakunywa nini. Hatukuwa tumefikiri. Tulikuwa tumefunga mlima bila kuuliza maziwa ya nani yamo ndani yake. Ndiyo sababu Madoa alibaki kwa Gwandu mpaka alipozeeka, bandani, na mimi nikawa nampandishia mzigo wa nyasi kwa zamu yangu. Kwa hiyo Gwandu akawa mlinzi mkali wa mlima kuliko kamati nzima.

Makinga maji tulianza kuchimba juu kabisa, nyuma ya mgongo, tukifuata usawa wa mlima, udongo tukiutupa upande wa juu na kupanda nyasi juu ya tuta. Tulishuka polepole, shamba kwa shamba. Korongo lenyewe tuliligusa mwisho, wakati maji yake yalikuwa yameshapungua. Na safari hii kuta za mawe zilikuwa fupi, zimebonyea katikati ili maji yapite pale tunapotaka sisi. Wewe ulibeba mawe yale na ukanifokea kwamba nayapanga vibaya. Ulikuwa umekosea, lakini nilipenda ulivyofoka.

Sasa kwa nini nakueleza yote haya wakati begi lako limeshafungwa? Kwanza kwa ajili ya Gehandu. Kule ni watu kama sisi, wakulima na wafugaji, watakupokea vizuri na watakubali kila utakachosema. Mikono itanyooka. Usiifurahie mapema. Usiende kuhesabu ng'ombe zizini, utahesabu urafiki wa watu na hutajua. Na usimwaibishe yule utakayemkuta mlimani na kundi kubwa, kaa naye kwanza, unywe chai yake. Siku ikifika ya mtu kusema, mtu wa kwanza kusema huwa anaumia sana, basi uwe upande wake. Wewe mgeni huwezi kuwa wa kwanza. Unaweza tu kuhakikisha kwamba akisimama hasimami muda mrefu peke yake.

Pili ni kwa ajili ya hofu yako. Unafikiri ukiondoka nitabaki peke yangu na korongo. Nilikuwa peke yangu wakati ule nabeba mawe kama kichaa, na ndipo liliponipita ubavuni. Tangu siku ile ya darasani sijawahi kuwa peke yangu nalo. Mvua ikinyesha sasa, Gwandu ananipigia simu kutoka juu kuniambia maji yana rangi gani kabla hayajanifikia, na miaka hii ananiambia ni meupe. Bibi Elizabeti hajiwezi tena lakini anamtuma yule mwanae mwenye ndevu aje na koleo. Kisima cha chini kina maji wakati wa kiangazi. Nyasi zimeota ndani ya korongo mpaka mbuzi wanapotelea humo. Kichwa chake kimesimama pale pale tulipokiacha, mkonge umekishika, na kila mvua naenda kukiangalia si kwa hofu bali kama mtu anavyokwenda kumwangalia fahali aliyemfunga mwenyewe.

Sisemi sitakukumbuka. Nitakukumbuka sana. Hii nyumba ilikuwa imejaa kelele zako, na kesho kutwa jogoo na mimi tutaangaliana. Lakini kukukumbuka ni kazi yangu, siyo sababu ya wewe kurudi.

Neno la mwisho, kisha niifunge hii karatasi, naona vumbi la njiani, huenda ni wewe. Wiki iliyopita Emanueli alipokuja nilimwonyesha mahali nitakapolala siku yangu ikifika. Yeye alidhani nitachagua upande wa juu wa mama yako, penye mgunga, pana kivuli. Nilimwonyesha upande wa chini, kati ya mama yako na korongo. Akasema, "Baba, hapo si ndipo maji yatafika kwanza?" Nikamwambia hayatafika. Na yakija kufika, yatanikuta mimi kabla yake.

Nenda kazini, mwanangu.

Baba yako